Superantijeni: jinsi sumu za bakteria zinavyoziamsha seli T kupita kiasi

Mtoto wa miaka miwili anapomwagikiwa na chai ya moto iliyokuwa juu ya babula, yaani jiko la makaa, wazazi wengi mjini Goma huhofia kidonda chenyewe: kisije kikaoza, kisije kikaacha kovu. Hofu hiyo ni ya haki, lakini ipo hatari nyingine ambayo jicho haliioni pale kidondani. Siku mbili, tatu au nne baadaye, wakati kidonda bado ni kidogo, kisafi na hakina usaha wowote, mtoto anaweza kupandwa na homa ya ghafla, akatapika na kuharisha, ngozi ya mwili mzima ikawa nyekundu kana kwamba amebabuka kwa jua, kisha shinikizo la damu likaanza kushuka na mtoto akalegea. Mara nyingi damu yake ikipelekwa maabara na kuoteshwa, hakuna bakteria anayepatikana. Bakteria wenyewe hawajaenda popote. Wamekaa juu ya kidonda, na kilichosafiri mwilini ni protini waliyoitoa.

Protini ya aina hiyo huitwa superantijeni. Wanaozitengeneza hasa ni bakteria wawili wanaofahamika katika kila kituo cha afya: Staphylococcus aureus, ambaye huishi bila madhara puani mwa karibu mtu mmoja kati ya watatu, na Streptococcus pyogenes, ambaye tunamjua zaidi kwa maumivu ya koo. Ajabu ya sumu hizi ni kwamba hazifanyi kazi tunayoitarajia kwa sumu. Haziui seli, hazitoboi utando wake, wala haziingii ndani yake. Sumu ya kipindupindu, ambayo wakazi wa Goma wana sababu ya kuikumbuka tangu mwaka 1994, huingia katika seli za utumbo na kuzilazimisha zimwage maji bila kukoma. Superantijeni hubaki nje. Inachofanya ni kuzishika seli mbili za kinga, moja upande huu na nyingine upande ule, na kuzifunga pamoja. Madhara yote yanayofuata hutendwa na mwili wa mgonjwa mwenyewe.

Ili uzito wa tendo hilo ueleweke, ni lazima kwanza tutazame jinsi seli T, mojawapo ya askari wa kinga, inavyoamshwa kwa utaratibu. Makrofaji, seli za dendriti na seli B, ambazo nazo ni seli za kinga, humeza kitu kigeni, hukikatakata ndani mwao, kisha huvichukua vipande vifupi vya protini, vyenye asidi amino kama 13 hadi 25, na kuvitoa nje vikiwa vimelazwa katika mfereji ulio juu ya molekuli iitwayo MHC ya daraja la pili. Kwa binadamu molekuli hizo huitwa HLA, na namna zake kuu ni tatu: DR, DQ na DP. Seli T hupita, na kwa kipokezi chake huugusa mfereji ule pamoja na kipande kilicholazwa ndani yake. Kila seli T ina kipokezi chake, kilichoundwa kwa kuchanganya vipande vya jeni kwa bahati nasibu, na kwa hiyo, miongoni mwa seli T zote zinazozunguka katika damu na tezi, zile zinazoweza kukitambua kipande fulani ni chache mno: takriban moja kati ya 10,000 hadi moja kati ya milioni. Hizo chache ndizo huamka, hugawanyika kwa siku kadhaa, na uzao wake hupambana na adui huyo mmoja. Ucheleweshaji huo hutuudhi tunapokuwa kitandani na homa, lakini ndio unaotulinda na kinga yetu wenyewe.

Anayevuka mpaka kila siku katika Petite Barrière, kutoka Goma kwenda Gisenyi nchini Rwanda, anaujua utaratibu wa namna hiyo: mvukaji hunyoosha karatasi yake, ofisa huisoma, na muhuri hupigwa tu ikiwa kilichoandikwa kinakubalika. Kipande cha protini ndicho karatasi, MHC ndiyo mkono unaoinyoosha, na kipokezi cha seli T ndicho jicho la ofisa. Superantijeni haibadilishi karatasi wala haighushi maandishi. Huukamata mkono wa mvukaji kwa pembeni, huukamata na mkono wa ofisa wenye muhuri, kisha huikutanisha mikono hiyo miwili, na muhuri ukapigwa bila karatasi kusomwa.

Picha za miale ya X zilizochapishwa mwaka 1994 zilionyesha jambo hili hadi kwenye atomu. Enterotoksini B, mojawapo ya superantijeni za stafilokoka, protini ndogo yenye uzito wa kilodaltoni 28 hivi, ilionekana imekaa ubavuni mwa HLA-DR1, juu ya mnyororo wa alfa, nje ya mfereji wenye kipande. Mwaka huohuo ilionekana pia TSST-1, sumu yenye kilodaltoni 22 ambayo ndiyo chanzo kikuu cha ugonjwa uitwao mshtuko wa sumu. Yenyewe hushika karibu na mahali palepale, ila imeegemea zaidi upande wa juu kiasi cha kukigusa kipande chenyewe. Enterotoksini A hufanya zaidi ya hapo. Upande wake mmoja hushika mnyororo wa beta wa MHC kwa msaada wa ayoni ya zinki, na upande wake wa pili hushika mnyororo wa alfa wa MHC nyingine, hivyo molekuli moja ya sumu huziunganisha MHC mbili za seli ileile. Muungano huo peke yake unatosha kuichokoza seli hiyo ianze kutoa kemikali za uchochezi. Kwa maoni yangu, michoro ya vitabu vingi, inayoionyesha superantijeni kama daraja moja la umbo moja, hupunguza mno habari hii: bakteria hawa wana zaidi ya njia moja ya kufikia jambo lilelile.

Upande wa pili, ule wa seli T, ndio unaoeleza wingi wa seli zinazoamka. Kipokezi cha seli T kina minyororo miwili, alfa na beta. Ncha yake inayosoma kipande hutofautiana mno kutoka seli hadi seli, lakini superantijeni haina haja na ncha hiyo. Hushika ubavu wa mnyororo wa beta, mahali panapoitwa Vβ, na sehemu hiyo haitofautiani kwa kiasi hicho. Binadamu ana familia zaidi ya 20 za Vβ, na kila superantijeni ina familia zake inazozishika. TSST-1 hushika hasa Vβ2. Enterotoksini B hushika Vβ3, 12, 14 na 17. Kwa kuwa familia moja tu inaweza kubeba asilimia kadhaa ya seli T zote za mtu, hesabu ya moja kati ya milioni huvunjika mara moja: zinazoamka ni asilimia 5 hadi 20, na pengine zaidi. Seli hizo hazina ujuzi wowote wa pamoja. Mojawapo ilikuwa inamkumbuka kirusi wa mafua, nyingine iliwahi kukutana na bakteria wa kifua kikuu, nyingine haijawahi kuitwa kazini tangu iumbwe. Zote huitika wito mmoja kwa sababu tu ubavu wa kipokezi chake unafanana. Na sumu inayohitajika ni kidogo kupita kiasi, kwani katika seli zinazooteshwa maabara pikogramu chache kwa mililita, yaani sehemu chache za trilioni ya gramu, hutosha kuziamsha.

Hata hivyo kipokezi kushikwa si kibali kamili. Seli T hungoja ishara ya pili, ambayo kwa kawaida huja kupitia molekuli iitwayo CD28, na sharti hilo ni mojawapo ya breki ambazo mwili umejiwekea. Kwa muda mrefu ilidhaniwa kwamba superantijeni huiacha ishara hiyo ijitokeze yenyewe. Mwaka 2011 watafiti wa Chuo Kikuu cha Kiebrania cha Jerusalem walionyesha kwamba enterotoksini B huishika CD28 moja kwa moja, pale ambapo nusu zake mbili zinakutana, na kwamba kipande kifupi cha protini kinachoziba mahali hapo kiliweza kuwaokoa panya waliopewa sumu. Kwa maneno mengine, sumu hii hushika sehemu tatu, wala si mbili.

Ndani ya saa chache seli T zilizoamshwa humwaga interlukini 2, interferoni gama na TNF, nazo makrofaji zilizofungwa nazo hujibu kwa TNF zaidi, interlukini 1 na interlukini 6. Kemikali hizi, saitokini kwa jina lake la jumla, zina faida kubwa zikitolewa kwa kipimo kidogo mahali penye maambukizi. Zikijaa katika damu nzima, kila moja huleta dhara lake. Ubongo hupokea agizo la kupandisha joto, na homa huvuka nyuzi 38.9. Mishipa midogo hulegea na kuta zake huanza kuvuja, maji ya damu yakatoroka kwenda katika nyama na ngozi. Mgonjwa huvimba huku ndani ya mishipa hana ujazo wa kutosha, na shinikizo la juu la damu hushuka chini ya 90. Figo, ini na mapafu hukosa damu. Anayenusurika huona, wiki moja au mbili baadaye, ngozi ya viganja na nyayo ikibambuka vipande vipande, dalili ambayo mara nyingine ndiyo inayomfungua macho daktari kwamba alichokitibu hakikuwa malaria kali.

Msomaji anaweza kuuliza kama ni hakika kwamba seli T ndizo zenye kosa. Ushahidi ulikuja kutoka kwa panya. Mwaka 1990 kundi la Philippa Marrack na John Kappler mjini Denver, Marekani, ambalo mwaka mmoja kabla lilikuwa limelipa jambo hili jina la superantijeni, lilionyesha kwamba panya wasio na seli T za kawaida huvumilia kipimo cha enterotoksini B kinachowadhoofisha wenzao. Miaka miwili baadaye watafiti wa Ujerumani waliwachukua panya wasio na seli T, wakawaona hawadhuriki. Wakawarudishia seli T, nao wakawa wa kufa kama wengine. Na walipowapa wengine kingamwili za kuizuia TNF, au siklosporini inayozuia ishara ndani ya seli T, panya hao waliokoka. Jaribio la namna hiyo ndilo linalomtoa mtu shaka.

Uthibitisho mwingine, wa bahati mbaya, ulitokea London mwezi Machi 2006, na haukuhusu bakteria hata mmoja. Wanaume sita wenye afya walichomwa sindano ya dawa mpya iliyoitwa TGN1412, kingamwili iliyobuniwa kuiwasha CD28 moja kwa moja. Kipimo kilikuwa kidogo mara 500 kuliko kile kilichoonekana salama kwa wanyama. Dakika 90 hivi baadaye walianza kuumwa kichwa, kutetemeka na kutapika, kisha wote wakaingia katika hali ya viungo kushindwa kazi. Wote sita walipona, lakini ilionekana wazi kwamba kuziwasha seli T kwa wingi, bila kijidudu chochote, kunatosha kumwangusha mtu mzima.

Ugonjwa wenyewe ulielezwa kwa mara ya kwanza kwa jina la mshtuko wa sumu mwaka 1978, na James Todd na wenzake, pia wa Denver, kwa watoto saba wa umri wa miaka 8 hadi 17. Dunia iliusikia miaka miwili baadaye, wanawake wengi wa Marekani walipougua wakati wa hedhi kwa kutumia tamponi, yaani pamba za kuingizwa ukeni, zenye uwezo mkubwa wa kufyonza. Aina iliyohusishwa zaidi iliondolewa sokoni Septemba 1980. Tamponi haikuleta sumu. Iliingiza hewa ya oksijeni mahali ambapo kwa kawaida haipo, na stafilokoka huhitaji oksijeni ili atengeneze TSST-1. Kwa bahati mbaya tukio hilo liliacha dhana kwamba huu ni ugonjwa wa wanawake peke yao, ilhali jipu, kidonda cha upasuaji, pua iliyozibwa kwa pamba kwa ajili ya kutokwa damu, au kidonda cha moto, vyote vinaweza kuuleta.

Kwa upande wa chakula habari ni tofauti kidogo, na hapa Kivu inastahili kuelezwa polepole. Maziwa ya ng'ombe wa Masisi huteremka kwenda Goma katika bido, yaani madumu, au hugeuzwa fomaji, yaani jibini, kulekule juu milimani. Ng'ombe akiwa na uvimbe wa kiwele, stafilokoka huingia katika maziwa tangu kukamuliwa. Anaweza pia kutoka katika mkono wa mtu mwenye jipu au kidonda kidoleni. Maziwa yakikaa saa nyingi bila baridi, bakteria huzaliana na kumwaga enterotoksini. Kuyachemsha baadaye humwua bakteria, lakini sumu yake ni protini ngumu isiyoharibika kirahisi kwa moto, wala kwa asidi ya tumbo. Simaanishi kwamba fomaji ya Masisi ni ya kuogopwa. Namaanisha kwamba usalama wake unategemea yaliyofanyika katika saa za kwanza, wala si moto wa mwisho. Jambo hilohilo huwapata wageni wa harusi waliokula nyama iliyokatwakatwa asubuhi, ikaachwa katika sufuria hadi jioni, ikapashwa moto na kuliwa. Saa moja hadi sita tangu kula, watu wanaanza kutapika kwa pamoja, na kwa kuwa sisi ni watu wa huku, haichukui muda kabla karuho, yaani sumu ya kulishwa kwa siri, haijatajwa na mpishi kutazamwa vibaya. Wengi wao huwa wazima kesho yake, kinachohitajika kikiwa maji na chumvi tu.

Kutapika huko hakutokani hasa na seli T. Protini hiyohiyo moja ina kazi mbili: ndani ya utumbo huchokoza seli zilizo karibu na mishipa ya fahamu, na neva ya vagasi hupeleka habari ubongoni. Wanakemia waliobadilisha sehemu ndogo ya enterotoksini B walipata protini isiyotapisha lakini bado inaamsha seli T kama kawaida. TSST-1, kwa upande wake, haitapishi ikimezwa, lakini hupenya utando laini wa mwili kwa urahisi, ndiyo maana inatisha zaidi ikiwa ukeni au kidondani kuliko sahanini.

Mtu anaweza kujiuliza basi kwa nini sisi sote, tunaobeba stafilokoka puani, hatuanguki. Kwanza, si kila stafilokoka ana jeni ya TSST-1. Pili, watu wazima walio wengi wamekwisha kutengeneza kingamwili dhidi yake bila hata kujua, na kingamwili hizo huidaka sumu kabla haijashika chochote. Mtoto mchanga hulindwa na zile za mama yake. Zikiisha, na zake bado hazijajengeka, hubaki wazi kwa muda, na ndiyo sababu ugonjwa huu hufuata vidonda vidogo vya moto kwa watoto wadogo zaidi kuliko kwa wakubwa. Tatu, HLA hutofautiana. Mwaka 2002 ilionyeshwa kwamba watu walioambukizwa streptokoka wa aina moja hawakuugua sawa: waliokuwa na mchanganyiko fulani wa DR15 na DQ6 walipata ugonjwa mwepesi, na wale wa DR14 na DQ5 walielemewa, kwa kuwa superantijeni zile zilishika HLA zao kwa nguvu tofauti. Panya wa kawaida, ambao MHC yao haishikwi vizuri, ni wagumu kudhurika, jambo lililowachelewesha sana watafiti.

Kwa anayetibu, yote haya yana matokeo ya moja kwa moja. Kumwua bakteria pekee hakutoshi, kwa sababu sumu iliyokwisha kutoka haifi pamoja naye. Kinachotangulia ni kukisaka chanzo na kukiondoa: kufungua bandeji hata kama kidonda kinaonekana kisafi, kutoboa jipu, kutoa pamba, na pamoja na hilo kumpa mgonjwa maji mengi ya mshipani kufidia yale yaliyovuja. Kisha, pamoja na dawa za jamii ya penisilini, huongezwa klindamisini, ambayo huzuia ribosomu za bakteria na hivyo kukifunga kiwanda cha sumu wakati bakteria bado yu hai. Katika maabara imeonekana kwamba baadhi ya dawa za jamii ya penisilini, zikitumika peke yake, humfanya stafilokoka aongeze utoaji wa sumu kabla hajafa. Kingamwili zilizokusanywa kutoka katika damu ya watu wengi nazo hutumika, ila bei yake haiko karibu na mifuko ya watu wa huku. Kwa mshtuko wa streptokoka, ambao katika taarifa nyingi huua theluthi moja ya wagonjwa au zaidi, saa moja ya kusitasita ina uzito.

Dhoruba ikipita, seli T zilizoamshwa hazibaki askari wenye uzoefu. Nyingi hufa, na nyingine huzubaa, zisiitikie tena hata zikipewa kipande zilichoumbwa kukitambua, na ni kawaida mgonjwa asitengeneze kingamwili dhidi ya sumu ileile iliyotaka kumwua. Ndiyo maana wako waliougua mara ya pili na ya tatu. Pengo hilo ndilo linalolengwa na chanjo iliyojaribiwa Vienna, ambayo matokeo yake ya kwanza kwa binadamu yalichapishwa mwaka 2016. Ndani yake mna TSST-1 yenyewe, ila imebadilishwa mahali pawili: asidi amino ya 31, iliyo upande unaoshika MHC, ilitolewa glisini ikawekwa arginini, na ya 135, upande unaoshika Vβ, ilitolewa histidini ikawekwa alanini. Protini hiyo haishiki tena seli yoyote, lakini umbo lake limebaki lilelile, na waliochanjwa walitengeneza kingamwili dhidi yake bila kupata madhara makubwa.